Lipu inabanduka? Soma ukuta kabla ya kuchagua chokaa au saruji

Lipu ikibanduka, swali la kwanza linalotoka kinywani mwa mwenye nyumba ni: tuongeze saruji kiasi gani? Swali hilo limeharibu nyumba nyingi za mwambao. Lipu inatakiwa kuufuata ukuta wake. Ukuta laini unaopitisha unyevu ukivikwa lipu ngumu isiyopitisha, atakayeumia ni ukuta, hata kama lipu yenyewe itapendeza kwa miaka miwili mitatu ya mwanzo. Ndiyo maana hapa tunaanza na ukuta, tunakwenda kwenye dalili, halafu sababu. Dawa inakuja mwisho, na mara nyingi iko juu ya paa au chini ya kibaraza, wala haimo ndani ya karai la fundi.

Huu ni ukuta gani?

Nyumba za zamani za Mji Mkongwe wa Zanzibar, Lamu, Mji wa Kale wa Mombasa na Bagamoyo zilijengwa kwa mawe ya matumbawe yaliyoshikwa na chokaa na mchanga, mara nyingi pamoja na udongo mwekundu. Kuta zina unene wa nusu mita au zaidi, na sakafu za juu zinabebwa na boriti za mikoko zilizochomekwa ndani ya kuta hizo. Hazina karatasi la kuzuia unyevu kwenye msingi. Waliozijenga walijua maji yataingia. Kinga yao ilikuwa kuyaachia njia ya kutoka. Chokaa ina vinyweleo, maji yanapita kwa mvuke, ukuta unakauka, maisha yanaendelea.

Nyumba ya tofali za saruji inakwenda kwa kanuni nyingine. Ukuta wake ni mwembamba, wa inchi 5 au 6, una nguzo na linta (mihimili iliyo juu ya milango na madirisha) za zege, na unategemea msingi uliozuiwa unyevu na paa lililotoka nje vya kutosha. Hapa lipu ya saruji ina haki yake.

Ugumu uko kwenye nyumba mchanganyiko: chini mawe, juu tofali, na katikati viraka vya kila fundi aliyewahi kupita. Chukua msumari, nenda mahali pasipoonekana, kwa mfano chini ya ngazi, ukwaruze kiungo kati ya jiwe na jiwe. Chokaa inatoa unga na kuacha mfereji, nayo ni nyeupe au yenye wekundu kidogo. Saruji inaacha mkwaruzo tu na ina rangi ya kijivu. Limau na siki havisaidii katika kipimo hiki, kwa sababu matumbawe, chokaa na hata saruji ya zamani vyote hutoa povu.

Dalili: ukigonga inalia utupu, na inabanduka kwa vipande vikubwa

Gonga ukuta kwa ncha ya mwiko kuanzia chini kwenda juu, na utie alama ya chaki kila panapolia utupu. Usibomoe kitu bado. Ramani hiyo ya chaki ndiyo itakayokwambia chanzo.

Kwenye ukuta wa matumbawe, utupu uliotapakaa huku na huku karibu kila mara unamaanisha lipu ya saruji imepigwa juu ya mawe ya chokaa. Saruji ni ngumu na haina unyumbufu. Ukuta wa mawe na chokaa unacheza kidogo kidogo kwa joto la mchana, baridi ya usiku na mizigo ya sakafu. Saruji haiwezi kuufuata, inapasuka nyufa nyembamba. Mvua inaingia kwa nyufa hizo. Kuingia ni rahisi, kutoka ni shida, kwa kuwa uso wote uliobaki umezibwa. Maji yanakaa nyuma ya lipu, yanayeyusha chumvi iliyomo kwenye mawe, na chumvi hiyo inapoganda tena inasukuma. Siku moja kipande kizima kinaanguka, kikiwa kimeng'oka na uso wa jiwe. Geuza kipande hicho utazame mgongo wake: ukiona unga wa chokaa na vijipande vya matumbawe vimeganda, jibu umelipata.

Kuna hasara kubwa kuliko hiyo, na haionekani kwa macho. Ncha za boriti ziko ndani ya ukuta uleule uliolowa. Mkoko ni mti mgumu, ila ukikaa ndani ya unyevu usiotoka utaoza kuanzia pale ulipochomekwa, mahali ambapo hakuna anayepaona. Nikiingia kwenye nyumba ya mawe iliyovikwa saruji nje na ndani, jambo la kwanza ninaloomba ni kutazama ncha za boriti. Lipu itasubiri.

Tengeneza kwa mpangilio huu. Anza na paa, gata na mabomba yake, kwa sababu ukuta unaoendelea kunyeshewa hauponywi na lipu ya aina yoyote. Kisha ondoa saruji kwa tindo nyembamba na nyundo nyepesi, ukianzia sehemu zinazolia utupu. Mashine ya kutoboa zege isiguse ukuta wa matumbawe, maana mtikisiko wake unalegeza mawe yaliyo ndani. Sehemu ambazo saruji imeshika sana hadi inang'oa jiwe, ziache kwa sasa. Zitalegea zenyewe baada ya misimu michache. Acha ukuta wazi ukauke katika miezi ya kiangazi. Usione uchungu kuusubiri. Ukuta wa nusu mita uliolowa kwa miaka haukauki kwa wiki mbili.

Mashimo makubwa yajazwe kwa vipande vya matumbawe na chokaa, yasijazwe kwa lipu nene. Halafu uje na lipu ya chokaa: chokaa 1 kwa mchanga 3, mchanga wa chembe kubwa na ndogo zilizochanganyika, uliochekechwa na kuoshwa. Lowesha ukuta hadi uache kunywa maji kwa pupa, lakini usiwe unachuruzika. Tabaka moja lisizidi kama milimita 10. Likwaruze kabla halijakauka ili la pili lishike, na usipige la pili hadi la kwanza likatae kubonyea kwa kidole gumba. Kwa kawaida hiyo ni wiki nzima au zaidi. Tundika magunia mabichi mbele ya ukuta na uyanyunyizie maji asubuhi na jioni, kwa sababu chokaa inakomaa kwa kuvuta hewa ukaa ikiwa bado na unyevu. Jua la mwambao likiikausha siku ya kwanza, itabaki unga. Lipu ya ukuta unaopigwa na mvua ya kusi itilie unga wa matofali ya udongo yaliyochomwa. Unaipa chokaa uwezo wa kushika hata palipo na maji.

Vipi kuhusu kutia saruji kidogo kwenye chokaa "iwahi kushika"? Kwenye ukuta wa matumbawe mimi nakataa. Saruji kidogo haitoshi kushika yenyewe, ila inatosha kuvuruga chokaa na kuziba vinyweleo. Mafundi wanaipenda kwa sababu inawaachilia mapema waende kazi nyingine.

Kwenye nyumba ya tofali za saruji utupu una sababu nyepesi zaidi. Ukiwa kwenye nguzo na linta, zege lilikuwa laini mno na lipu haikupata pa kushika. Lichongwe kwa tindo, kisha lirushiwe kwanza mchanganyiko mzito wa saruji 1 na mchanga mnene 2 au 3, uachwe ukauke ukiwa na makwaruzo. Ukiwa katikati ya tofali, tofali zilikuwa kavu na zenye vumbi zikanyonya maji yote ya lipu. Ukiwa sehemu ambazo lipu ina unene wa sentimita 3 au 4, fundi alinyoosha ukuta uliopinda kwa pigo moja. Kila tabaka liwe milimita 12 hadi 15.

Dalili: unga mweupe na rangi inayovimba sehemu ya chini ya ukuta

Watu husema ukuta unaota chumvi. Ni kweli, ila chumvi ina njia tatu za kuingia na kila moja inaacha umbo lake.

Mstari wa mlalo ulio karibu usawa mmoja kuzunguka chumba, mara nyingi chini ya mita moja, ni maji ya ardhini yanayopanda kwa vinyweleo. Doa la duara au la kushuka chini ya dirisha, chini ya bafu la ghorofani au kando ya bomba la gata ni maji yanayovuja. Na unga uliotawanyika ukuta mzima bila mpangilio, juu kama chini, ni mchanga wa bahari au maji ya kisima cha chumvi yaliyotumika kuchanganyia.

Hili la tatu linawachanganya wengi. Nyumba haina bomba lililopasuka, paa ni zima, na bado kila masika ukuta unatoka jasho. Chumvi ya kawaida huvuta maji kutoka hewani unyevu wa hewa unapozidi asilimia 75 hivi, na mwambao kiwango hicho ni jambo la kila siku. Ukipima kwa mkono utasema kuna uvujaji, kumbe ukuta unakunywa hewa. Ili kutenganisha, bandika ukutani kipande cha nailoni cha futi moja kwa futi moja kwa utepe wa gundi pande zote nne, uondoke kwa siku mbili. Matone yakiwa nyuma ya nailoni, maji yanatoka ukutani. Yakiwa mbele, yanatoka kwenye hewa ya chumba, na dawa ya kwanza ni kufungua madirisha.

Kwa maji yanayopanda, toka nje uangalie ardhi. Mara nyingi utakuta njia imeinuliwa kwa zege au udongo hadi ikapita usawa wa sakafu ya ndani, au kibaraza kimemwagwa zege likagusa ukuta. Punguza ardhi, chimba mfereji mwembamba kando ya ukuta uujaze kokoto, uelekeze maji mbali. Mstari wa chumvi utaanza kushuka wenyewe bila dawa ya kununua. Usipake rangi ya mafuta wala saruji ya kuzuia maji hadi usawa wa kiuno: maji yatatafuta njia juu yake, na mwaka unaofuata utaona mstari umepanda nusu mita.

Chumvi iliyotoka iondolewe kwa brashi kavu na izolewe chini. Ukiosha kwa maji unairudisha ndani. Kwa ukuta wa matumbawe wenye chumvi nyingi piga lipu dhaifu ya chokaa ukijua kabisa kwamba itaharibika: chumvi itahamia humo, lipu itamomonyoka baada ya mwaka au zaidi, utaikwangua na kupiga nyingine. Inauma mfukoni, lakini ndiyo njia ya kutoa chumvi bila kula jiwe.

Kama chanzo ni mchanga wa bahari kwenye nyumba mpya, hakuna dawa ya juu ya uso. Lipu hiyo itolewe. Na ukague nguzo pia, kwani chumvi hiyohiyo inakula nondo; ufa ulionyooka kufuata nondo ukiwa na kutu ya hudhurungi ni kazi ya mhandisi.

Dalili: nyufa

Nyufa nyembamba zilizotapakaa kama ramani juu ya lipu ya saruji ni za lipu yenyewe. Saruji ilizidi, maji yalizidi, jua na upepo viliikausha upesi, au fundi alinyunyizia saruji kavu juu akasugua apate uso laini. Nje, saruji 1 kwa mchanga 4 hadi 5 inatosha. Ndani 1 kwa 5 au 6. Kwa kuta za nje za tofali napendelea saruji 1, chokaa 1, mchanga 6, maana chokaa inaipa lipu unyumbufu na kuifanya ishike maji. Imwagiliwe kwa siku 7. Mchanganyiko uliokaa kwenye karai zaidi ya saa moja na nusu usitiwe maji tena ukafufuliwa. Umwage mbali.

Ufa ulionyooka wima pale tofali zinapokutana na nguzo, au mlalo chini ya linta, unatokana na vitu viwili vinavyotanuka tofauti. Fungua upana wa sentimita 15 kila upande, pigilia wavu, piga upya.

Ufa wa ngazi unaopanda kutoka pembe ya dirisha, au ulio mpana juu na mwembamba chini, hauhusiani na lipu. Msingi unashuka, linta imelemewa, au nyumba iko juu ya udongo mweusi wa mfinyanzi unaovimba masika na kusinyaa kiangazi. Tia alama ya penseli kwenye ncha mbili za ufa na uandike tarehe. Bandika kipande kidogo cha kioo kwa saruji kukatisha ufa. Kioo kikipasuka, nyumba bado inatembea. Tafadhali usiuzibe ufa huo ili mpangaji asiuone. Beit al-Ajaib, kasri lililojengwa Zanzibar mwaka 1883, liliporomoka sehemu tarehe 25 Desemba 2020 likiwa katika ukarabati. Majengo haya ya zamani yana uzito mkubwa, na ufa unaotembea ni taarifa ambayo mhandisi anaihitaji ikiwa wazi.

Dalili: lipu inatoa vumbi ukipitisha mkono

Mchanga wenye udongo mwingi ndio mshukiwa wa kwanza. Jaza chupa nusu kwa mchanga, ongeza maji na chumvi kidogo, tikisa, iache saa chache. Tabaka la udongo laini likikaribia sehemu 1 kati ya 10 ya mchanga, uoshe au uukatae. Kama mchanga ni safi na lipu ni ya chokaa, ilikauka upesi mno, au chokaa ya mfuko ilikaa dukani ikavuta hewa ikafa kabla ya kufika kwako. Nunua mifuko ya karibuni, iliyofungwa vizuri.

Dalili: vishimo vidogo vinavyochomoka vyenyewe, kila kimoja kina chembe nyeupe katikati

Chokaa haikuzimwa ikaisha, yaani haikutiwa kwenye maji hadi ikamaliza kuchemka. Chembe zilizobaki hai zinakuja kunywa maji zikiwa tayari ukutani, zinavimba, zinachomoka. Zinaweza kuendelea kwa miezi. Subiri ziishe ndipo uzibe. Kwa kazi inayofuata chekecha chokaa baada ya kuizima, na uiache chini ya maji kwenye pipa kwa miezi kadhaa. Ikikaa zaidi inazidi kuwa nzuri. Wakati wa kuzima, chokaa hai inachemka na kuruka. Tia chokaa kwenye maji, kamwe usimwage maji juu ya chokaa, vaa miwani, na watoto wawe mbali. Jicho lililoingiwa na chokaa lioshwe kwa maji mengi papo hapo na mtu apelekwe hospitali.

Dalili: ukungu mweusi, au jipsamu inayolainika

Jipsamu inapendeza, inawahi, na ndani ya nyumba kavu ya tofali sina ugomvi nayo. Kwenye ukuta unaopata unyevu inakuwa laini na kuanguka, kwa hiyo isiwekwe nje, bafuni, wala sakafu ya chini ya nyumba ya mawe. Ukungu unaokaa kwenye pembe za juu na nyuma ya kabati ni hewa isiyotembea. Rangi ya plastiki juu ya lipu ya chokaa nayo inafunga vinyweleo, ikivimba kama malengelenge. Ikwangue, upake chokaa nyepesi mara nne au tano, kila mkono ukiwa mwembamba kama maziwa.

Nyumba za udongo

Ukuta wa miti na udongo, au wa tofali mbichi, ukipigwa saruji unafanya yaleyale ya matumbawe, ila upesi zaidi: lipu inasimama peke yake na udongo unaporomoka nyuma yake. Piga udongo uliochanganywa na mchanga na nyasi zilizokatwa, kisha chokaa nyembamba juu. Refusha paa na uinue msingi wa mawe. Tofali za kuchoma zinavumilia mchanganyiko wa saruji, chokaa na mchanga wa 1:1:6, na hazihitaji kitu kigumu kuliko huo.

Kabla ya kumlipa fundi

Nyumba ikiwa ndani ya Mji Mkongwe, omba kibali kwa Mamlaka ya Uhifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe kabla ya kugusa uso wa nje. Lamu na Mombasa wasiliana na Makumbusho ya Taifa ya Kenya. Kibali kando, ofisi hizo ni mahali pa kuulizia mafundi waliozoea chokaa, nao si wengi.

Mwombe fundi apige kipande cha mita moja ya mraba mahali panaponyeshewa, kwa mchanga na chokaa ileile itakayotumika, na umlipe kwa kipande hicho peke yake. Mwulize atamwagilia siku ngapi na nani atakuja Jumapili kulowesha magunia. Andikeni vipimo kwa ndoo, msitumie koleo, kwa sababu koleo la asubuhi na koleo la saa tisa mchana havilingani. Kipande kikipita masika bila kulia utupu wala kuota chumvi, mkabidhi ukuta uliobaki.